Dada Sayyida Anataka Mwisho wa Klei

Kijiwe chetu kiko Wattaya, huku Uarabuni, nyuma ya maduka ya magari mapya, upande ambao wanunuzi hawafiki kwa sababu hakuna cha kununua. Tunachokalia ni kiti cha nyuma cha Land Cruiser iliyopinduka njia ya Nizwa, nilichokishona upya kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi yangu ndiyo hiyo, kushona viti vya magari, ndiyo maana wananiita Sponji. Dalla, birika la kahawa, ni yangu, finjani zangu, kivuli cha bati changu. Wao huleta tende kwa zamu, tena kavu. Kulia hukaa Bakhit, muuza vipuri vya zamani, mzaliwa wa Shinyanga. Tunamwita Gia, maana akianza kusema hana ya kurudi nyuma. Kushoto hukaa Yaarub wa Unguja, naye ni Mufti, kwa kuwa hakuna asilolitolea fatwa, kuanzia talaka mpaka mafuta ya breki. Katikati ni pa Harub, mtu wa Tabora, aliyestaafu juzijuzi wizarani Al Khuwair, na huyo ni Mkataba. Akishasema neno limeshasainiwa. Ijumaa moja, mwaka wa tisini na tisa, alikuja baada ya sala ya alasiri, hakukaa, hakupokea finjani, akasimama mbele yetu na funguo za gari mkononi.

– Leo sikuja kupiga soga, alisema. Nimekuja kuchukua kitu, na sitoki hapa bila kuwa nacho.

– Kama ni ile jeki, alisema Gia, iko kwa Mufti.

– Nataka mwisho wa Klei.

Mufti aliyekuwa anatafuna tende akaacha kutafuna. Gia akainua shingo. Mimi nikaishusha dalla chini, maana jina hilo lilikuwa halijatajwa hapa miaka na miaka, na bado kila mtu alilijua.

Kwa asiyejua nieleze. Zamani kule tulikotoka, kabla hatujaja huku, redio ya Kiingereza ilikuwa ikitoa kila Ijumaa jioni hadithi ya makoboi. Ng'ombe, farasi, bunduki, upepo wa jangwani unavuma mle ndani ya sanduku mpaka unajisikia kiu. Klei alikuwa sherifu, yaani askari mkuu wa mji wao, na Nge alikuwa jambazi aliyekuwa akimtoroka wiki baada ya wiki. Mwenye redio aliiweka dirishani, mtaa mzima unakusanyika, na kwa kuwa wengi wetu Kiingereza tulikijua kwa sura tu, palikuwa na mtu mmoja wa kutafsiri. Kila mji ulikuwa na wake. Mimi sikuwahi kusikiliza. Baba yangu redio aliiwasha kwa habari, na habari zikisha, aliifunika kitambaa kama maiti. Kwa hiyo siku hiyo nilijifanya hakimu.

– Mwisho wa Klei wa nini, yakhe? aliuliza Mufti. Mtu mzima wewe.

– Wa dada Sayyida.

Tulijua dada yake yuko hospitali, na tulijua kesho yake asubuhi madaktari walikuwa wanamfungua moyo. Wiki nzima hatukuligusa jambo hilo pale kijiweni. Tulizungumzia joto.

– Jana nilikuwa kwake, alisema Mkataba. Nikamuuliza, dada, unataka nini? Juisi, matunda, msala mwepesi, chochote nikuletee? Akasema, "Harub, kesho unijie na mwisho wa Klei. Wakinilaza, nilale nikijua."

Gia akacheka, halafu akaona hacheki na mtu, akaacha.

– Dada yangu hajapata kuniomba kitu maisha yake yote, alisema Mkataba. Kalea watoto wake, kalea na wangu mama yao alipofariki. Hata chumvi hajawahi kuniagiza. Leo kaomba kimoja. Nitampelekea.

– Kwani yeye hakusikia mwisho? niliuliza mimi.

– Atausikia wapi? Kwetu redio ilikaa dukani kwa baba. Wanaume barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia, na yeye Sayyida mbele yao wote, pua imegusa pazia. Kaka yetu mkubwa, Fahd, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akisoma shule ya serikali, ndiye mfasiri. Ijumaa moja kabla ya mwisho, Klei kamkuta Nge kisimani. Wote wana kiu. Ndoo moja, kamba moja. Klei kamwelekezea bunduki, na Marjani wake, farasi pekee pale, kasimama katikati yao. Fahd kafunga redio, kasema, tukutane Ijumaa. Alhamisi yake Sayyida kapandishwa treni, kaenda kuolewa Kigoma.

– Lahaula, alisema Mufti.

– Na mimi ndiye niliyepelekwa kumsindikiza, pamoja na shangazi. Ijumaa saa ya redio yeye amekaa chumbani kwa watu asiowajua, kafunikwa shela, na mimi nala pilau. Usiku kaniita mlangoni. Nikadhani atalia. Akaniuliza, "Kampiga, au hakumpiga?"

– Na ulipofika nyumbani, niliuliza, hukumuuliza huyo kaka yako?

– Nilimuuliza siku hiyo hiyo. Akanambia, "Huo ni wa Sayyida, nitamwambia mwenyewe akija." Hakuja. Watoto, safari, mambo. Fahd akafa. Watu wa baraza ile wametawanyika, na wengi washatangulia. Nimebaki na nyinyi.

Alituangalia mmoja mmoja kama mtu anayechagua tikiti maji na kuona yote mabovu. Mimi nilimhurumia, na huruma ikitushika wanaume wa kijiwe hiki hugeuka mara moja kuwa ubishi.

– Basi umefika, alisema Gia akijikohoza. Mwisho ninao mimi. Klei alimpiga Nge risasi moja, hapa, kwenye kifungo cha pili cha shati. Kwisha. Akachukua ng'ombe mia nane walioibwa, akawarudisha kwa wenyewe.

– Ulisikia mwenyewe? aliuliza Mkataba.

– Nilisikia kwa karani wa kiwanda cha pamba. Ndiye aliyekuwa akitutafsiria Shinyanga.

– Ng'ombe mia nane kawarudishaje peke yake?

– Alipiga mluzi. Kila ng'ombe akaenda kwao. Tena wawili katika wale walikuwa wa mahari, ndoa ilikuwa imesimama kwa ajili yao, ikabidi wazee wakae upya kikao.

– Ndoa ya nani?

– Ya binti wa mwenye hoteli. Kikao kilichukua Ijumaa mbili nzima. Karani alilia.

– Gia, nilisema, huko Amerika wanatoa mahari ya ng'ombe?

– Sasa wewe Sponji unamjua koboi kuliko karani wa pamba? Koboi ni mtu wa ng'ombe. Mtu wa ng'ombe hatoi mahari ya kuku.

Mkataba alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa na namna ya kutikisa kichwa waliyoiogopa hata wakubwa zake wizarani.

– Kwetu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja, alisema. Nge alikuwa mwizi wa dhahabu. Na kingine: Klei hawezi kumpiga Nge kirahisi hivyo. Wamenyonya ziwa moja.

– Nini?

– Ndugu wa kunyonya. Mama yake Nge alikufa kwa uzazi, mama yake Klei akamnyonyesha. Ndiyo shida yote ya hadithi. Wewe karani wako hakukwambia?

Gia alikodoa macho. Nilimwona anahesabu kichwani Ijumaa zake zote, anatafuta ziwa la mama Klei halioni.

– Hayo ya ziwa hatukuyapata, alikiri. Labda siku hiyo mvua ilinyesha.

– Nyie watu wa bara mlipewa makombo, alisema Mufti. Mie nna mwisho wenyewe, mzima, na tafsiri yake ni ya khali yangu, kaka wa mama, aliyekuwa mpishi wa melini. Kafika Mombasa, kafika London, Kiingereza kakila na mkate. Sikiliza. Klei kafika kisimani. Saa ya alasiri imeingia. Maji kidogo. Akamwambia Nge, wewe kunywa. Yeye akapiga mikono yake mchangani, akatayamamu.

Hata gari zilizokuwa zinapita barabara kuu kama zilipunguza mwendo.

– Koboi? alisema Gia. Katayamamu?

– Maji si hayakuwepo!

– Mufti, koboi anatayamamu ili asali nini?

– Asali alasiri! Nimekwambia alasiri ilikuwa imeingia. Nge alipomwona vile moyo ukamlainika, akatupa bunduki, akatubu. Klei akamtafutia kazi ya ulinzi benki.

– Jambazi? Benki?

– Aliyetubu amana yake ni kubwa zaidi. Tena nikwambieni jambo ambalo khali alilisema faragha. Klei si Mzungu. Klei ni mtu wa Sur, bandari yetu ya huku. Alikwenda na meli ya biashara, ikamwacha. Huyo mtu yuko jangwani ananusa upepo anajua kisima kilipo, anakunja kilemba kichwani kuzuia vumbi, farasi wake anaitwa Marjani. Mzungu gani ana farasi anaitwa Marjani?

Hapo kidogo Mkataba aliyumba. Marjani hata kwao Tabora alikuwa Marjani. Akaangalia saa.

– Wodi wanafungua saa kumi na moja, alisema. Nisikilizeni vizuri. Sitaki la kutunga. Dada yangu si mtoto, na kesho si mchezo. Nataka lile lililosemwa redioni siku ile, neno kwa neno. Gia, unasema kampiga. Mufti, unasema kamsamehe. Hadithi moja, redio moja, saa moja. Mmoja wenu muongo.

– Si mie, alisema Mufti.

– Wala mimi, alisema Gia. Mlio wa risasi niliusikia kwa masikio yangu haya. Mlio hautafsiriwi! Hata paka wa mwenye redio aliruka.

– Hiyo ilikuwa bunduki ya furaha! Kapokewa mtu benki siku ya kwanza ya kazi, watu wakafyatua juu!

– Ya furaha ingepigwa nyingi!

– Risasi zilikuwa ghali!

Wakasimama wote wawili. Kiti changu kikapiga kelele kwa springi. Gia alikwisha mfufua Nge akamzika na bunduki yake, na akasema usiku anafyatua kutoka kaburini kila mwaka ng'ombe wanapozaa. Mufti akasema kaburi hilo haliwezekani kwa kuwa Nge alifia hija. Mimi nilipandisha sauti nikawaambia mtu anakwenda kupasuliwa moyo na nyinyi mnagombania maiti ya kwenye sanduku. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Sikuwakasirikia wao tu. Niliona saa inakwenda na Mkataba hana cha kumpelekea dada yake, na mimi niliyejifanya hakimu sina hata hadithi ya kumwazima.

Ndipo kijana mmoja akasimama pembeni ya bati, kavaa shati jeupe na tai, Biblia kwapani. Nilimjua kwa sura. Ni Mkenya, fundi wa umeme wa magari katika karakana ya jirani, na kanisa lao huku husali Ijumaa.

– Shikamooni wazee, alisema. Samahanini. Naitwa Jacob. Nimeskia Kiswahili kutoka kwa geti nikashindwa kupita.

– Marhaba mwanangu, nilimwambia. Kaa. Kunywa kahawa uone watu wazima.

Akakaa ukingoni mwa kiti, akapokea finjani kwa mikono miwili. Mufti akamweleza lake, Gia akamweleza lake, wote kwa pamoja, na kijana wa watu akawa anageuza kichwa huku na huku kwa adabu. Walipokwisha, akafikiri kidogo.

– Sasa niulize kitu kidogo tu, alisema. Huyo mtu wa kutafsiri, akianza kuongea, redio ilikuwa inanyamaza imngoje, ama ilikuwa inaendelea tu?

Gia akamgeukia Mufti.

– Ilikuwa... alisema Mufti. Yaani, khali alikuwa anasikiliza, halafu anageuka...

– Na akigeuka?

– Anatwambia.

– Na wakati anawaambia, huko ndani ya redio wanafanya nini?

Nilijaza finjani ambazo hazikuhitaji kujazwa. Gia alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa amepata gia ya kurudi nyuma. Redio haingoji mtu. Karani akieleza risasi ya kwanza, ya pili ishapigwa. Mpishi akieleza ndoo, kamba ishakatika. Watu wazima wenzangu wameibeba hadithi hiyo miaka yote, na nusu yake ilikuwa ikisemwa huku imefunikwa na sauti ya mtu anayesema ile nusu nyingine.

– Alijazia, alisema Gia kwa sauti ndogo. Yule karani. Palipopotea alijazia.

– Kwao ng'ombe wengi, nilisema. Akajazia ng'ombe.

– Khali yangu hakuwa akiacha sala, alisema Mufti.

Sote tukamgeukia Mkataba. Nilidhani amevunjika moyo. Alikuwa amekaa, hatimaye, juu ya tairi langu la akiba, na funguo kaziacha mchangani.

– Kuna siku, alisema, Nge alichukuliwa na mto. Fahd katwambia: maji yamembeba, kwisha habari yake. Kafunga redio. Usiku Sayyida kapakua chakula, kampa kila mtu, sahani ya Fahd kaiweka tupu. Mama kasema, mpe kaka yako. Sayyida kasema, "Nge aliyemtupa mtoni ndiye ampe." Hakumpakulia. Fahd kalala na njaa, anacheka.

– Kisha? aliuliza Jacob.

– Ijumaa iliyofuata Nge katokea chini ya mto, kashika mzizi.

Jacob akasogeza finjani kando.

– Na siku nyingine, Mkataba aliendelea, Sayyida kauliza nyuma ya pazia, kwa sauti, kwa nini Klei hamuachi Nge aende zake? Baba kamkemea, watu wapo barazani. Wiki ile ile ndipo ilipokuja habari ya ziwa moja. Sikuliona. Nilikuwa mtoto, sikuliona. Ile hadithi Fahd alikuwa anamsimulia yeye. Sisi wengine tulikuwa tumekaa njiani tu.

– Basi mwisho hakuna, alisema Mufti kwa huruma. Pole, yakhe.

– Upo! Mkataba alisimama akaokota funguo. Alikuwa mtu mwingine, au ndiye yule yule wa siku zote. Upo, ila hauko redioni. Mimi nimekaa na Fahd chumba kimoja mpaka nikaota ndevu. Najua alivyokuwa anamalizia jambo. Fahd hakuwahi kumuua mtu aliyekula kwa mama yake.

– Lakini ulisema hutaki la kutunga, nilimkumbusha. Hakimu lazima aulize.

– Nilisema. Na hili si la kutunga, ni la kumalizia. Kazi ya kaka yangu imebaki kipande. Namalizia.

– Na akikuuliza, umelipata wapi?

– Nitamwambia kwa Fahd.

Akaondoka. Hakunywa hata tone. Tulisikia gari lake linatoka kwa fujo kuelekea barabara kuu, yeye ambaye huendesha kama amebeba mayai, na Mufti akainua mikono akaomba dua ndefu, Gia akaitikia amina, na Jacob naye, baada ya kusita, akainamisha kichwa akaomba ya kwake.

Jumamosi hatukupata habari. Jumapili watoto wa Sayyida walisema bado amelala, mashine zinampumulia, tuombe. Tulikutana vilevile, kwa sababu hatukujua pengine pa kwenda. Gia alileta tende mbichi, nzuri, ghali, wala hakujisifu. Hakuna aliyemtaja Klei. Mimi niliogopa, nasema kweli. Kila gari lililoingia uchochoro ule nilitazama matairi yake kwanza, nikichelewa makusudi kutazama uso wa dereva.

Jumatatu baada ya alasiri alikuja. Jacob alikuwepo, katoka kazini na mafuta mikononi. Mkataba alishuka, akafunga mlango, akaja akasimama pale pale aliposimama Ijumaa.

– Ameamka, alisema.

Nani alipiga kelele gani siwezi kueleza. Gia alimkumbatia Mufti, kisha wakaachana wakikumbuka kuwa wamenuniana. Mimi nilikimbilia finjani.

– Ngojeni, alisema Mkataba. Ngojeni, sijamaliza. Ile Ijumaa nilifika, nikakaa, nikamsimulia. Nikaanza pale kisimani, kama Fahd, na mikono yake Fahd. Nikamwambia Klei aliishika bunduki mpaka mkono ukafa ganzi. Nge akamwambia, piga, nimechoka kukimbia. Klei akaitazama ile ndoo, akakumbuka nyumbani kulikuwa na kikombe kimoja cha bati, na mama alikuwa akimpa kwanza Nge kwa kuwa ni yatima. Akashusha bunduki. Akateka maji, akampa Nge kwanza. Kisha akaivua ile nyota ya usherifu, akaitia kisimani. Akasema, sasa hakuna askari hapa na hakuna mwizi. Wakaagana, mmoja kaskazini, mmoja kusini.

Gia alipangusa pua kwa mkono wa kanzu. Alisema ni vumbi.

– Akasemaje? aliuliza Mufti.

– Alifumba macho. Machozi yakamtoka kidogo. Akasema, "Fahd huyo." Basi. Nikadhani nimemaliza, nikanyanyuka nimpishe muuguzi. Akafumbua jicho moja. "Na Marjani?" Nikasema, Marjani nini? "Farasi mmoja, watu wawili, kaskazini na kusini. Marjani kaenda na nani?"

– Eee, alisema Gia. Kweli. Kaenda na nani?

– Sikuwa na jibu. Hata Fahd, nadhani, asingekuwa nalo pale pale. Lakini nikamwona dada yangu alivyonitazama. Wiki nzima alikuwa anatazama dari, leo ananitazama mimi, anataka. Nikasema moyoni, hapana. Huyu hatalala akijua yote. Nikamwambia, "Hilo nitakwambia ukiamka."

– Ukamnyima? Mgonjwa wa moyo?

– Nikamnyima. Akanikasirikia, Mufti! Aliniambia mimi na Fahd ni walewale. Kaingizwa ndani amenikunjia uso. Na mimi nimekaa nje siku zote hizi najiuliza, kama asiporudi, neno la mwisho nililompa dada yangu ni kumkatalia. Sikulala. Msinione nimesimama hivi.

Nilimpa finjani. Safari hii aliipokea, akaimaliza kwa funda moja.

– Leo asubuhi wamemtoa mpira kooni, alisema. Wanawe wote wamemzunguka, mmoja kaja kwa ndege kutoka Salalah. Hakuomba maji. Hakuuliza saa ngapi. Kafumbua macho, kanitafuta mpaka kaniona, kasema, na sauti hana: "Farasi."

Tulicheka mpaka Jacob akalazimika kuweka finjani chini. Tulicheka na mengine tuliyokuwa tumeyabana tangu Ijumaa. Mkataba peke yake hakucheka sana. Alikuwa anaangalia saa.

– Sasa? niliuliza.

– Sasa nimemwambia jioni. Wodi wanafungua saa kumi na moja.

– Na jibu?

– Ndilo nililolifuata hapa kwenu.

Kicheko kikaisha. Gia alianza kusema kwamba kule Shinyanga farasi kwa mila hufuata..., akajikatiza mwenyewe, akashika kidevu, akafikiri. Sijawahi kumwona Gia akifikiri kabla ya kusema. Mufti alisema wangegawana zamu, mwezi kwa mwezi. Sote tukakataa, hakuna farasi wa hivyo. Jacob akauliza kama huyo farasi alikuwa dume au jike, na tukatazamana, maana hata hilo hakuna aliyelijua. Niliinua dalla niwamiminie, ikatoa tone moja na masimbi, mashapo ya chini. Nikaenda kuchemsha nyingine, nikawaambia asiondoke mtu.